Gari linachemsha Kitonga tu: kabla hujakubali injini ifunguliwe

Swali: Shikamoo mzee. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Hapa Dar nakaa kwenye foleni ya Mbagala hata saa nzima na mshale wa joto hautikisiki. Shida ni nikienda kwa mama Mafinga. Nikianza kupanda mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, mshale unapanda, na mara mbili nimesimama njiani mvuke unatoka kwenye boneti. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, ile vali ya joto inayoongoza maji ya injini, akasema nchi za joto haina kazi. Wa pili akaunga feni moja kwa moja izunguke muda wote. Safari ya Pasaka likachemsha tena, safari hii mapema zaidi, hata nusu ya mlima sikufika. Sasa fundi wa tatu anasema gasketi ya silinda hedi imeungua na anataka laki sita afungue injini. Nimpe?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimpe bado. Gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi (kichwa cha injini) na bloku chini yake, inaweza kuwa imeungua kweli, maana gari lililochemka mara mbili hadi kutoa mvuke limeshaumizwa. Lakini kwa maelezo yako hakuna aliyeipima, na hata kama imeungua, imeunguzwa na kitu kingine. Ukibadilisha gasketi ukakiacha kitu hicho, mwezi wa kumi na mbili utakuwa umesimama tena pale pale Kitonga na gasketi mpya iliyoungua.

Nitakueleza kwa nini nashikilia hili. Miaka ya nyuma nilifungua injini ya mteja iliyokuwa na dalili kama zako. Gasketi niliikuta nzima kabisa. Kumbe rejeta, ile ya mbele inayopooza maji ya injini, ilikuwa imeziba nusu yake ya chini, jambo ambalo ningeligundua kwa mkono wangu katika dakika kumi. Mteja yule alishalipia kazi ya siku tatu. Tangu hapo sifungui silinda hedi ya gari linalochemsha mpaka nimemaliza vipimo vya nje, na nakuomba umdai fundi wako hivyo hivyo.

Tuanze na maneno yako mwenyewe, maana yamebeba nusu ya jibu. Gari likisimama kwenye foleni hakuna upepo unaoingia kwenye rejeta isipokuwa ule unaovutwa na feni. Feni ikiwa mbovu, gari huchemka kwenye foleni na kupoa likikimbia. Lako lilikuwa kinyume tangu mwanzo: foleni halina shida, mlima linashindwa. Kwa hiyo feni yako ilikuwa inafanya kazi kabla haijaguswa. Fundi wa pili alitengeneza kitu kizima.

Mlima ni habari nyingine. Pale Kitonga uko nyuma ya lori, gia ya pili, umekanyaga mafuta karibu mpaka chini, mwendo wa baiskeli. Injini inatoa joto kubwa kuliko wakati wowote na upepo wa mbele ni mdogo. Mfumo uliopungukiwa nguvu theluthi moja hautajulikana Mbagala, ambako injini inanguruma tu bila kubeba mzigo. Utajulikana hapo. Ninachotafuta, basi, ni upungufu wa uwezo wa kupooza: rejeta iliyoziba, mfuniko usioshika presha, maji yasiyozunguka vya kutosha, au maji yanayozunguka bila kupita kwenye rejeta.

Hilo la mwisho ndilo alilokufanyia fundi wa kwanza bila kujua. Nataka nilieleze polepole, kwa sababu imani hii ya kwamba thamostati ni ya nchi za baridi imeharibu injini nyingi.

Kwenye injini ya 5A thamostati haiko kule maji ya moto yanakotoka injini. Iko upande wa pili, maji yaliyopoa yanakorudi kutoka rejeta. Na ina vali mbili, si moja. Vali kubwa ya mbele hufungua njia ya rejeta maji yakifika kama nyuzi 82. Vali ndogo ya nyuma hufanya kazi kinyume: kadiri ile ya mbele inavyofunguka, hii inaziba njia ya mkato, ile ambayo maji hupita kuzunguka ndani ya injini asubuhi ikiwa bado baridi. Injini ikishapata moto sawasawa, njia ya mkato huwa imezibwa na maji yanalazimika kwenda kwenye rejeta.

Ukiitoa thamostati, unaacha njia zote mbili wazi. Maji hufuata penye urahisi, na njia ya mkato ni fupi kuliko vijitundu vyembamba vya rejeta. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini ikiwa moto vile vile ilivyotoka. Mjini hutaona kitu. Asubuhi utaona kinyume chake, mshale unachelewa kupanda na mafuta yanaisha haraka, kwa sababu kompyuta ya injini inadhani injini bado baridi na inaongeza petroli. Mlimani utachemka mapema zaidi kuliko zamani. Ndivyo ilivyokutokea safari ya Pasaka. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa familia hii ya injini vinakataza kuitoa thamostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuirudisha. Nunua mpya ya nyuzi 82 yenye vali zote mbili, uigeuze dukani uone kibati cha nyuma chenye springi, kwa sababu zipo za bei rahisi zisizo nacho. Kabla ya kufungwa iingize kwenye sufuria ya maji jikoni, uininginize kwa uzi isiguse chini, upashe. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Kama huna kipimajoto, angalia tu kwamba imefunga kabisa kwenye maji ya vuguvugu na imefunguka vizuri yanapotokota. Wakati wa kuifunga, kile kijipini kidogo kinachocheza pembeni kikae juu. Ni cha kutolea hewa, na hewa haitoki kwa chini.

Sasa vipimo. Fanya asubuhi injini ikiwa imelala usiku kucha, mtu asikuharakishe. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Maji yale yako juu ya joto la kutokota na yanazuiwa na presha tu. Ukiiachia presha yanageuka mvuke mara moja usoni mwako.

Fungua mfuniko na uangalie maji. Yanatakiwa yafike mdomoni. Yakiwa ya rangi ya kutu, au ukiona ukoko mweupe kwenye midomo ya vijitundu vya rejeta ukimulika kwa tochi, umeshampata mshtakiwa wa kwanza. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na gari lililoongezewa maji ya bomba la kisima miaka kumi hujenga ukoko ule ule unaouona chini ya birika. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, weka alama, tutaurudia.

Mfuniko wenyewe watu huudharau, na kwa safari yako ndio kitu ninachokishuku zaidi baada ya thamostati. Wa gari hili hushika presha ya karibu baa 0.9. Kwa presha hiyo maji matupu hayatokoti mpaka nyuzi 118 hivi. Raba yake ikichoka, presha inavuja na maji yanatokota kama kwenye sufuria iliyo wazi. Na sufuria iliyo wazi haitokoti sawa kila mahali: Dar ni nyuzi 100, lakini Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni kama nyuzi 95. Unaona hatari hiyo? Mfuniko mbovu uleule unaokuvumilia Mbagala unakuangusha unavyopanda juu, kwa sababu kila mita unayopanda inapunguza joto la kutokotea huku injini ikiongeza lake. Angalia raba: ikiwa ngumu, imepasuka au ina alama ya kuzama, nunua mpya ulioandikwa namba ile ile. Usiweke wenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua tangi la plastiki la rejeta.

Halafu rejeta. Washa gari mpaka feni izunguke mara mbili, kisha zima na utoe ufunguo. Yako kwa sasa inazunguka muda wote, kwa hiyo subiri tu mpira wa juu uwe wa moto kabisa. Gusa kwa uangalifu, au azima kipimajoto cha mwale, uso wa rejeta kuanzia unapoingia mpira wa juu hadi unapotoka wa chini. Joto linatakiwa lipungue taratibu. Ukikuta kiraka cha baridi katikati ya sehemu ya moto, hapo vijitundu vimeziba na maji hayapiti. Angalia pia kwa nje, kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Nimetoa humo vumbi, nyasi na wadudu wa kujaza ndoo ndogo. Pale maji ya kuosha gari hayafiki mpaka uachanishe viwili hivyo.

Rejeta ya zamani ya shaba fundi rejeta huifungua, akaichokoa na kuichomelea. Nyingi za Corolla hizi ni za alumini zenye matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Zinaweza kusafishwa kwa dawa na kusukumwa maji kinyume, lakini ukoko ukishakuwa mgumu ni bora kununua nyingine. Na usikubali ile dawa ya kuziba mavujo inayomiminwa ndani. Haichagui tundu. Huziba pia vijitundu vya rejeta na vya hita.

Feni nayo nilisema haikuwa mbovu, lakini sasa imeguswa, kwa hiyo lazima ipimwe. Mota hii ukigeuza waya zake inazunguka kinyume, na mtu akiunga kwa haraka si ajabu akazigeuza. Feni inayozunguka kinyume inasukuma upepo kwenda mbele, unapigana na upepo wa gari likitembea. Chukua karatasi ya daftari uiweke mbele ya gari, kwenye uso wa kondensa, feni ikizunguka. Ikivutwa ikanata, sawa. Ikisukumwa, umeongezewa ugonjwa. Vyovyote vile, rudisha nyaya za kiwandani, kwa sababu feni iliyoungwa bila rilei wala fyuzi inaweza kuwasha moto. Kwa Toyota hizi kuna kipimo chepesi: swichi ya joto ya feni hufunga umeme injini ikiwa baridi na kuuachia maji yakipita nyuzi 93 hivi, ndipo feni inawaka. Kwa hiyo ukichomoa soketi ya swichi hiyo ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka hata kama injini ni baridi. Ikizunguka, mota na rilei ni nzima. Hakikisha pia kava la plastiki linaloizunguka feni lipo. Bila hilo feni huvuta upepo wa pembeni badala ya ule unaopita kwenye rejeta.

Wota pampu sitaichukulia muda mrefu. Kwenye injini hii inazungushwa na mkanda wa nje, ule wa alteneta, kwa hiyo mkanda uliolegea au unaong'aa kwa kuteleza unapunguza mzunguko wa maji hasa injini ikifanya kazi ngumu. Angalia kama kuna michirizi ya maji chini ya pampu na kama puli inacheza ukiitikisa. Bana pia mpira wa chini wa rejeta: ukiwa laini kama utumbo, pampu inaweza kuunyonya ukajibana, maji yakakatika. Kitu kingine cha haraka ni taimingi ya moto, yaani wakati plagi zinapotoa cheche. Ikiwa nyuma, injini hutoa joto zaidi. Kwa 5A inapimwa kwa taa, nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele, vituo vya TE1 na E1 vya soketi ya kupimia vikiwa vimeunganishwa. Fundi akiipima bila kuviunganisha, namba anayokupa haina maana.

Sasa gasketi. Hivi ndivyo inavyothibitishwa bila kugusa bolti hata moja.

Injini baridi, mfuniko wa rejeta wazi, maji yamejaa. Mwambie mtu awashe. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, yatakwisha. Mapovu yanayokuja bila kukoma, au maji yanayorushwa nje kila ukikanyaga mafuta kidogo, ni gesi ya silinda inapita kuja kwenye maji. Kipimo cha pili: funga mfuniko, washa injini baridi, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama tairi ndani ya dakika moja au mbili, kabla haujapata joto, presha hiyo haijatoka kwenye maji ya moto. Imetoka kwenye silinda. Cha tatu, gereji zenye vifaa zina chupa yenye maji ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikivuta gesi ya moshi yanageuka njano. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakichukui robo saa. Mwisho, kompresheni, yaani presha ya kila silinda: silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Utando mweupe kama maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi kuhukumu. Gari la safari fupi lisilo na thamostati hukusanya unyevu pale, na lako lina sababu hiyo tayari. Lakini oili yote kwenye kijiti ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena gari hilo. Ule utando wa mafuta kwenye maji niliokuambia uuwekee alama uusome pamoja na vipimo hivi, usiusome peke yake.

Vipimo vikisema gasketi imeungua, basi mpe kazi, kwa masharti. Silinda hedi ya alumini iliyochemka hupinda. Ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, mbele yako. Kwa upande unaokaa kwenye bloku mwisho ni milimita 0.05. Ikizidi hapo isawazishwe kwa mashine kabla ya gasketi mpya, na iangaliwe nyufa. Bolti zake ni za urefu wa aina mbili, zisichanganywe. Zinakazwa kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kitabu: nyutonimita 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo mzunguko tena. Fundi akikuambia anakaza kwa kuhisi mkononi, tafuta mwingine. Hili halina mjadala kwangu.

Vipimo vikisema gasketi ni nzima, na kwa jinsi lako linavyotulia Mbagala natumaini hivyo, utabaki na thamostati, mfuniko, kusafisha rejeta na kulanti, ile dawa ya kupoozea inayochanganywa na maji. Thamostati, mfuniko na kulanti kwa pamoja ni sehemu ndogo ya hiyo laki sita. Kulanti iweke nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, si asidi. Kama chupa imeandikwa iko tayari kutumika, usiiongeze maji. Hatuna barafu Tanzania, lakini kulanti inazuia kutu na ukoko, na inachelewesha kutokota. Mfumo wote unachukua lita tano hadi sita. Ukijaza, elekeza pua ya gari juu kidogo, weka hita kwenye joto kali, mfuniko wazi, acha injini inguruma mpaka feni iwake, ukiongeza kadiri yanavyoshuka. Hewa iliyobaki kwenye silinda hedi inaweza kukuchemshia gari lililotengenezwa vizuri kabisa, na fundi mwenye haraka hapo ndipo anapokosea.

Kabla ya Mafinga lijaribu karibu na nyumbani siku ya joto, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na asubuhi yake upime maji tena kwenye rejeta yenyewe, si kwenye kopo la pembeni tu. Yakiwa yamepungua bila kuvuja mahali unapopaona, rudi kwenye kile kipimo cha maji ya bluu.

Siku ya safari, simama Ruaha Mbuyuni au Mtandika uache injini ipumzike kabla ya mlima. Anza kupanda kiyoyozi kikiwa kimezimwa, tumia gia ndogo injini izunguke kwa wepesi badala ya kuikandamiza gia kubwa, na acha nafasi nyuma ya lori usivute joto lake. Mshale ukivuka pale ulipozoea kuuona, usingoje nyekundu. Washa hita na feni yake mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Mshale ukiendelea kupanda, ingia penye nafasi salama nje ya barabara na usimame. Kama hakuna maji yanayomwagika, acha injini inguruma boneti ikiwa wazi, feni iendelee kuvuta. Kama maji yanamwagika, au mshale umeshuka ghafla ukiwa bado unapanda mlima, zima papo hapo. Mshale huo haujapoa. Sensa imekosa maji na inasoma mvuke. Subiri walau nusu saa, usimwage maji baridi juu ya injini, na usikubali wasamaria wa pale barabarani wakufungulie mfuniko kwa kitambaa.

Jumamosi asubuhi fanya vile vipimo vya injini baridi, cha mapovu na cha mpira wa juu. Uniandikie rangi ya maji, hali ya raba ya mfuniko, na mpira ulichukua muda gani kuwa mgumu, kabla hujamlipa mtu.